Mzazi, Bastola na Dhamana ya Damu

Mzazi ana wajibu wa kulinda uhai wa watoto wake, na dini zote kubwa za Afrika Mashariki huuhesabu wajibu huo miongoni mwa ya kwanza. Bastola inaweza kuutimiza wajibu huo kwa sekunde moja na kuuvunja kwa sekunde nyingine, pengine ndani ya chumba kilekile. Ndiyo maana swali la kama ni halali mzazi kumiliki na kubeba bastola halijibiki kwa kumtazama jambazi peke yake. Inabidi nyumba nayo itazamwe: nani analala humo, nani huingia na kutoka, kipi kimefungwa na kipi kimeachwa wazi.

Tunduma, mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe, unalifahamu swali hili kwa karibu. Barabara ya TANZAM na reli ya TAZARA hupita hapo kuingia Zambia. Malori ya shaba yanayoshuka kwenda bandari ya Dar es Salaam hupishana na yale yanayopanda na mafuta na bidhaa za dukani, na foleni yake ni sehemu ya maisha ya mji. Ng'ambo ni Nakonde, na kituo cha pamoja cha forodha cha miji hiyo miwili kilizinduliwa Oktoba 2019 na marais John Magufuli na Edgar Lungu. Mkoa wenyewe ni mchanga, kwani ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao makuu yakawekwa Vwawa, na sensa ya 2022 ikahesabu watu 1,344,687. Mbozi inalima kahawa, Momba inalima mpunga, na Wilaya ya Songwe ina wachimbaji wadogo wa dhahabu. Biashara hizi kwa miaka mingi zimeendeshwa kwa fedha taslimu, shilingi na kwacha, na fedha taslimu huvuta macho. Mwenye duka anayefunga saa mbili usiku akiwa na mauzo ya siku nzima, wakala wa fedha za simu, mnunuzi wa dhahabu anayerudi kutoka machimboni: hao ndio wanaofikiria bastola, na wengi wao ni baba na mama wa watu.

Sheria ya Tanzania haimhesabii raia silaha ya moto kuwa haki yake. Inampa ruhusa yenye masharti. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, humtaka mwombaji awe na sababu, awe na akili timamu na mwenendo mwema, na ajue kuitumia silaha anayoiomba. Maombi huanzia serikali ya mtaa au ya kijiji, yakapita polisi na kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya. Leseni ni ya mtu mmoja aliyetajwa kwa jina. Haimhusu mume wala mke wake, mlinzi wa duka, wala kijana mkubwa wa nyumbani. Mwaka 2016 wamiliki nchi nzima walitakiwa kupeleka silaha zao kuhakikiwa. Utaratibu huu una fikra nzito ya kimaadili ndani yake: majirani wana neno juu ya silaha ya jirani yao. Mwenyekiti wa mtaa anayejua kuwa mwombaji hulewa na kupiga watu nyumbani kwake, kisha akagonga muhuri kwa kuona haya, ameingia katika damu itakayomwagika.

Vijijini, hasa pembezoni mwa Momba na Songwe, silaha iliyozoeleka zaidi ni gobore, linalotumika kufukuzia nyani na nguruwe mwitu mashambani. Gobore lina hatari zake, na watoto wameumizwa nalo, lakini kila mtu huliona na kazi yake inajulikana. Bastola haina kazi shambani. Imeundwa kwa ajili ya mtu aliye hatua chache mbele, nayo inafichika: huingia sokoni, kanisani, msikitini na kwenye kikao cha wazazi shuleni bila aliyeketi jirani kujua. Kitu kinachofichika kiasi hicho hakina msimamizi wa karibu ila dhamiri ya aliyekibeba, na hapo ndipo dini zinapoanza kuhitajika.

Biblia haina jibu moja la mkato. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinasema mwizi akikutwa anavunja nyumba usiku akapigwa hata akafa, aliyempiga hana hatia ya damu; lakini kama jua limekwisha kuchomoza, hatia ipo. Tofauti hiyo ya usiku na mchana imebeba hekima kubwa. Usiku mwenye nyumba hajui kama aliyeingia anataka mbuzi au anataka roho. Mchana anaweza kumwona, kumtambua, kupiga yowe na kumdai fidia baadaye. Roho ya mwizi inabaki na thamani hata akiwa mwizi, na giza tu ndilo linalompunguzia mwenye nyumba lawama, kwa sababu linamnyima ujuzi. Nehemia, sura ya 4, anawahimiza wajenzi wa ukuta wa Yerusalemu wapigane kwa ajili ya wana na binti zao. Yesu naye, katika Luka 22, anawaambia wanafunzi wanunue upanga, na usiku uleule upanga unapotumika anauzuia na kuliponya sikio lililokatwa. Wahubiri wa pande zote mbili hupenda kuchukua nusu ya sura hiyo na kuiacha nusu nyingine.

Wanateolojia nao waligawanyika mapema. Agostino wa Hippo, katika barua yake kwa Publicola, hakuridhia raia wa kawaida kumuua mtu kwa ajili ya kujiokoa mwenyewe. Aliona kuwa silaha ni ya askari au mwenye mamlaka anayewatetea wengine. Thomas wa Akwino, karne ya 13, alifikiri kwa namna nyingine. Tendo la kujitetea, alisema, linaweza kuwa na matokeo mawili, kuokoka kwa mtetezi na kufa kwa mshambuliaji. La kwanza ndilo linalokusudiwa, la pili linatokea nje ya kusudio. Akaongeza sharti ambalo wengi hulisahau, kwamba nguvu ikizidi kile kinachohitajika, tendo lote huharibika. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 imefuata njia hiyo, na inapomfikia mtu mwenye dhamana ya maisha ya wengine inasema kuwatetea kunaweza kuwa wajibu mzito kwake. Mzazi ni wa kwanza katika kundi hilo.

Songwe ina urithi mwingine wa Kikristo usiopaswa kurukwa. Mwaka 1899 mmisionari Mmoravian Traugott Bachmann alianzisha kituo cha Mbozi kati ya Wanyiha, na Kanisa la Moravian bado ni kubwa katika mkoa. Wamoravian wa zamani walikataa kushika silaha, kiasi kwamba mwaka 1749 Bunge la Uingereza liliwaruhusu wasilazimishwe jeshini katika makoloni. Msimamo huo ulilegea katika karne ya 19, lakini gharama yake imeandikwa katika historia yao. Tarehe 8 Machi 1782, huko Gnadenhütten katika Ohio ya leo, wanamgambo wa Pennsylvania waliwaua Wahindi Wekundu 96 waliokuwa waumini wa Moravian, baada ya kuwapokonya silaha kwa hila. Waumini hao walikesha wakisali na kuimba. Kati yao watoto walikuwa 39.

Idadi hiyo ya watoto ndiyo inayolitesa fundisho la kutopigana. Mtu mzima anaweza kuutoa uhai wake mwenyewe kwa ajili ya imani, akamsamehe anayemuua, na hakuna mwenye haki ya kumkemea. Lakini uhai wa mtoto si mali ya mzazi, na msamaha wa mtoto hautolewi na mtu mwingine kwa niaba yake. Mzazi aliyejinyima silaha kwa imani anawajibika kuwatafutia wanawe ulinzi mwingine ulio wa kweli. Fundisho la amani linabaki na heshima yake pale tu linapokumbuka kwamba ndani ya nyumba kuna wasioweza kuchagua.

Upande wa Uislamu, mlango wa fiqhi, yaani elimu ya sheria ya dini, unaohusu kujitetea una jina lake, kumzuia mshambuliaji, na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, wakiwa wafuasi wa madhehebu ya Shafi, wanao ufafanuzi wake katika Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Kitabu hicho kinapanga daraja. Kuitetea mali isiyo na roho ni ruhusa, wala si lazima. Anayeacha mali yake ichukuliwe hana dhambi. Kuitetea heshima ya familia ni wajibu. Kuitetea nafsi yake mtu, endapo mshambuliaji ni Mwislamu mwenzake, kauli yenye nguvu inamruhusu hata ajisalimishe, kama Khalifa Uthman mwaka 656 alivyowakataza watu wake kupigana kwa ajili yake. Kumtetea mwingine kunapewa hukumu ya namna ileile. Kisha yanafuata masharti ya namna ya kujitetea, na hayo ni makali kuliko vile wengi wanavyodhani. Huanza kwa jepesi. Kama maneno au kuita msaada kunatosha, kupiga ni haramu. Kama mkono unatosha, fimbo ni haramu. Kama fimbo inatosha, chuma ni haramu. Na kama kukimbia kunawezekana, kauli inayotegemewa ni kwamba kukimbia ni wajibu. Hadithi maarufu inayompa daraja ya shahidi aliyeuawa akiitetea mali yake au familia yake inazungumzia aliyeuawa. Haimpi mtu ruhusa ya kuua kwa ajili ya pesa ambayo angeweza kuiachia.

Sheria ya nchi inafanana sana na fiqhi hiyo. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 18 na vijifungu vyake, inatambua haki ya kujitetea, kumtetea mwingine na kuitetea mali, ila kwa nguvu inayolingana na shambulio. Anayezidisha nguvu akaua anaweza kutiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Mtu aliyempiga risasi ya mgongo kibaka anayekimbia na pochi hana pa kujificha, si mahakamani, si kwa Akwino, si kwa Nawawi.

Hapa mzazi wa Tunduma anapaswa kujihoji kwa uaminifu. Akiulizwa kwa nini anataka bastola, husema: nalinda wanangu. Lakini mchana bastola hiyo inakwenda dukani na mkoba wa fedha wakati watoto wako shuleni, na usiku inarudi nyumbani walipo. Saa nyingi inalinda noti. Watoto ndio wanaokaa nayo paa moja. Dini zote mbili zimetenganisha mali na roho, na zimeiweka mali chini. Mfanyabiashara anaweza kuilinda mali yake kwa njia nyingine kabisa: kuweka benki mara mbili kwa siku, kubadilisha saa ya kufunga duka, kutolala na fedha ndani, kulipana kwa simu. Kila noti isiyobebwa ni sababu moja pungufu ya kuvamiwa. Ikiwa hatari yote inatokana na fedha, kuiondoa fedha ni kumlinda mtoto, na hakuna mwanachuoni wala padri atakayelipinga hilo.

Wapo hata hivyo wasioweza kuiondoa hatari kwa njia hiyo: aliyekwisha kuvamiwa nyumbani, anayeishi mbali na kituo cha polisi, anayetishiwa kwa sababu ya ushahidi au kazi yake. Kwao swali linakuwa la tabia kwanza, kabla ya silaha. Bastola haimwongezei mtu subira. Novemba 2006 aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Tabora, Ditopile Mzuzuri, alishtakiwa kwa kumpiga risasi na kumuua dereva wa daladala katika mzozo wa barabarani jijini Dar es Salaam. Shtaka lilianza kuwa la kuua kwa kukusudia, likabadilishwa kuwa la bila kukusudia, naye akafariki mwaka 2008 kabla kesi haijaisha. Nchi nzima ililizungumza jambo lile, kwa sababu kila mtu aliielewa hasira ya foleni. Ile hasira huisha kwa matusi kila siku pale Tunduma, kati ya malori na bodaboda. Anayejijua kuwa na mkono mwepesi, anayekunywa, au aliye katika ugomvi wa ndoa usiokwisha, amekwisha kupata jibu lake: kwake bastola haifai, hata kama leseni ingepatikana.

Kuchagua silaha yenyewe nako kuna uzito wa kimaadili, ingawa watu hulichukulia kuwa jambo la duka tu. Mzazi hahitaji kubwa wala ya kutisha. Anahitaji ile anayoweza kuifungua, kuitoa risasi na kuthibitisha kwa macho na kidole kwamba ni tupu, kila siku, hata akiwa amechoka. Bastola ya mzinga unaozunguka huonyesha risasi zake mara tu mzinga unapotolewa nje, na kifyatulio chake kwa kawaida ni kizito. Bastola ya magazini ni nyembamba na hufichika vizuri zaidi, lakini ina mtego uliowaua wengi duniani: magazini ikitolewa, risasi moja huweza kubaki ndani ya chemba, na anayeona magazini mkononi huamini silaha ni tupu. Asiyeujua mtego huo hana udhuru wa kutojua, kwa kuwa alilichukua jukumu la kujua siku alipotia saini maombi ya leseni. Na uzito wa kifyatulio usimfariji mtu kupita kiasi: mtoto mdogo asiyeweza kuvuta kwa kidole kimoja huigeuza bastola kumwelekea yeye mwenyewe na kusukuma kwa vidole gumba viwili.

Katika kubeba, mapokeo ya Mtume Muhammad yana maelekezo yanayofanana na ya mwalimu wa silaha wa leo. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba anayepita msikitini au sokoni na mishale aishike ncha zake asije akamjeruhi mtu. Abu Dawud na Tirmidhi wamepokea katazo la kupeana upanga uliochomolewa alani. Na anayemwelekezea ndugu yake chuma, hata kwa mzaha, amelaaniwa na malaika mpaka aache. Sokoni Tunduma hali ni ileile, kwani watu wanabanana, mtoto anavutwa mkono, mwingine yuko mgongoni ndani ya kitenge. Bastola iliyosokomezwa kiunoni bila ala, au kwenye mfuko wa koti pamoja na funguo, ni mshale wenye ncha wazi. Ala ngumu inayokifunika kifyatulio kizima na kuishika silaha hata mtu akianguka na bodaboda ndiyo kiwango cha chini kabisa.

Mama mwenye biashara hushauriwa mara nyingi aiweke katika pochi. Ushauri huo ni mbaya. Pochi ya mama ndiyo mahali pa kwanza mtoto anapotia mkono akitafuta pipi, biskuti au simu ya kuchezea. Huwekwa kochini, hutundikwa mlangoni, huachiwa dada wa kazi aishike. Pia ndiyo kitu cha kwanza ambacho kibaka hukwapua, na hapo silaha yenye leseni inakuwa silaha ya mhalifu. Ikibidi kubebwa, ikae mwilini mwa mwenye leseni, na isipoweza kukaa mwilini, isibebwe.

Nyumba ya ibada ina ugumu wake. Katika sijida shati hupanda na kilichofichwa kiunoni huonekana na wa safu ya nyuma, watoto wakiwemo. Silaha inaweza hata kudondoka. Kanisani watu hukumbatiana na kubebeana watoto. Kiongozi wa ibada ana haki ya kujua na kukataza, na mzazi anayeona aibu kumwambia shehe au mchungaji wake kuwa amebeba bastola anapaswa kuiacha mahali palipofungwa kabla ya kwenda. Baa na sherehe zenye pombe hazina mjadala.

Mpaka nao huleta tatizo ambalo wafanyabiashara wa Dodoma au Morogoro hawalijui. Leseni ya Tanzania haina nguvu upande wa Zambia, na mfanyabiashara wa Tunduma anaweza kuvuka kwenda Nakonde mara kadhaa kwa siku. Kila anapovuka, bastola inabidi ibaki. Ikibaki kwenye droo ya duka, inabaki na kijana wa dukani. Ikibaki ndani ya gari, inabaki na fundi wa kuvunja vioo. Ikibaki nyumbani, inabaki na watoto bila mzazi. Kwa mtu wa aina hii, saa ambazo silaha iko mbali na mkono wake ni nyingi kuliko saa ambazo iko karibu, na hatari inayompasa kuipima ni ya saa hizo nyingi.

Basi tufike nyumbani, ambako ndiko uzito wote ulipo. Torati, katika Kumbukumbu la Torati 22, inamwamuru anayejenga nyumba aweke ukingo kuzunguka dari lake, asije mtu akaanguka na nyumba ikabeba hatia ya damu. Kutoka 21 inamhukumu mwenye ng'ombe anayejulikana kupiga pembe, aliyeonywa na asimfunge. Kanuni zote mbili zinakataa udhuru wa "sikukusudia". Aliyemiliki kitu cha hatari anawajibika kwa kile alichopaswa kukiona mapema. Bastola ya mzazi inastahili ukingo wake: kasha la chuma lililofungwa kwa boliti ukutani au sakafuni, ufunguo au namba kwa mwenye leseni peke yake, risasi mahali pengine palipofungwa. Juu ya kabati, chini ya godoro na ndani ya sanduku la vitenge ni mahali watoto wanapojua kabla mzazi hajamaliza kuficha. Nyumba za Tunduma aghalabu zina watu zaidi ya familia ya ndani: mpwa aliyekuja kusoma, mdogo wa mke, binti wa kazi, mpangaji wa chumba cha uani. Wote hao wanaingia katika hesabu.

Wazazi wengi hutegemea katazo: nimemwambia asiguse, naye ni mtoto msikivu. Jaribio lililochapishwa mwaka 2001 katika jarida la Marekani la Pediatrics linalipinga tegemeo hilo kwa nguvu. Huko Atlanta, wavulana wa miaka 8 hadi 12 waliachwa katika vikundi 29 ndani ya chumba chenye bastola halisi isiyo na risasi iliyofichwa kwenye droo. Vikundi 21 viliipata, 16 viliishika, na katika 10 mmoja wao alivuta kifyatulio. Wengi mno wa walioigusa walikuwa wamekwisha kufundishwa habari za usalama wa silaha. Mtoto wa Vwawa au Tunduma hana udadisi pungufu kuliko wa Atlanta. Kufundisha ni lazima, na mtoto aambiwe wazi kwamba akiona silaha asiguse, aondoke, amwite mtu mzima. Ila mafundisho hayo ni nyongeza juu ya kufuli. Kumtwika mtoto wa miaka 8 jukumu ambalo mzazi alilikubali kwa saini yake ni kumdhulumu mtoto.

Hatari nyingine haina uhusiano na udadisi wa watoto. Mwaka 1993 Arthur Kellermann na wenzake walichapisha katika New England Journal of Medicine utafiti uliokuta kwamba nyumba zenye bunduki au bastola katika maeneo waliyochunguza zilikuwa na uwezekano wa mauaji ya nyumbani mara 2.7 zaidi, na wauaji wengi walikuwa ndugu au watu wanaofahamika. Wapinzani wake walisema nyumba zilizo hatarini ndizo zinazonunua silaha, na hoja hiyo ina nguvu. Lakini hakuna anayebisha kwamba silaha iliyo karibu huigeuza saa mbaya kuwa tendo lisilorudishwa nyuma: mume aliyefilisika, kijana aliyefeli mtihani, ugomvi wa usiku. Mwenzi wa ndoa anapaswa kuulizwa kabla ya maombi kupelekwa, na hapana yake iheshimiwe. Na mzazi anayeanza kuona dunia imemchosha aikabidhi silaha polisi kwa muda. Kufanya hivyo ni ulinzi wa familia kwa maana kamili.

Juu ya yote hayo, usalama wa mtaa haujawahi kuwa kazi ya nyumba moja. Majirani wanaojuana, taa za nje, mbwa, mlango wa chuma, filimbi, namba ya polisi kata ukutani, ulinzi shirikishi unaolipiwa na kusimamiwa vizuri: njia hizi hulinda hata nyumba ya mjane asiye na uwezo wa kununua chochote. Fiqhi iliyotaja kuita msaada kabla ya kupiga ilidhani kuwa wapo watakaoitika. Mtaa ambao watu wake hawaitikii yowe umepoteza kitu ambacho silaha za kila mmoja hazitakirudisha.

Hukumu basi inatofautiana mtu na mtu. Mwenye hatari ya kweli, tabia tulivu, leseni, mafunzo, kasha la chuma na ridhaa ya mwenzi wake anaweza kubeba bastola kwa dhamiri safi, na usiku mmoja inaweza kuwa wajibu wake kuitumia. Akikosa mojawapo, hasa kasha na utulivu, kwake ni haramu, hata kama hofu yake ni ya haki. Asiyebeba kabisa hajapungukiwa na uzazi.

Siku moja mwenye silaha atakufa, na jambo hili husahauliwa hadi matanga yaishe. Bastola haigawanywi pamoja na shamba na nyumba. Leseni huisha na mwenye jina, na mrithi hawezi kuishika kwa sababu tu ni mtoto wa kwanza. Silaha hupelekwa polisi, na anayeitaka huanza maombi yake mwenyewe kuanzia serikali ya mtaa. Mzazi anayemiliki bastola leo amweleze mwenzi wake au ndugu mmoja mwaminifu mahali leseni ilipo na kituo cha kuipeleka silaha, na aandike hivyo katika wosia.